Dawa ya oili haifufui ringi zilizokwisha

Mkuu, umeuliza kama dawa ya kuchanganya kwenye oili na ile ya petroli zitairudishia nguvu pikipiki yako ya zamani ya cc 150, inayotoa moshi wa bluu huko Urambo. Ya oili usiweke. Klachi ya pikipiki nyingi za aina hiyo inalowa oili ileile ya injini, na dawa nyingi za kulainisha zimetengenezwa kwa ajili ya magari, hivyo zinaweza kuifanya iteleze. Klachi ikianza kuteleza, injini itanguruma lakini haivuti, halafu ununue na pleti za klachi. Tafuta oili iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki inayolowa oili.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye valvu). Moshi ukizidi unapopandisha mlima na mzigo, shuku ringi za pistoni. Fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), amwagie oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, apime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, aangalie valvu. Chuma kilicholika hakirudishwi na chupa yoyote, tafadhali usipoteze hela yako ya mafuta huko.

Dawa ya petroli husaidia kidogo kabureta yenye utando, ila kuifungua na kuisafisha ni uhakika zaidi.

Na kagua ea klina (kichujio cha hewa) mapema! Vumbi letu la kiangazi likipenya hapo linasaga silinda kama msasa, hata ringi mpya hazitadumu.