Ufikiaji huria chuoni: ombeni faili siku makala inapokubaliwa

Maktaba nyingi za vyuo vikuu vyetu zina hazina ya kidijitali, yaani mahali mtandaoni pa kuweka makala na tasnifu za chuo, na kila Oktoba, Wiki ya Kimataifa ya Ufikiaji Huria inapofika, huandaa semina na mabango. Wahadhiri huhudhuria na wengi wao hukubali kwamba tafiti zao zisomwe bila malipo. Tatizo hujitokeza baadaye: mhadhiri akiamua kuleta makala yake, faili inayoruhusiwa kuwekwa hanayo tena.

Makala hupita hatua tatu. Kuna mswada uliotumwa kwa jarida, kuna mswada uliokubaliwa baada ya kurekebishwa kwa maoni ya wapitiaji, na kuna toleo lililopangwa na mchapishaji, lenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi wakubwa hukataza hilo la tatu lisiwekwe kwenye hazina ya chuo kama jarida ni la kulipia. La pili huliruhusu, aghalabu baada ya zuio, yaani muda wa kusubiri kabla ya faili kufunguliwa, la miezi 12 hadi 24. Nao wahadhiri hutunza la tatu kwa sababu linapendeza, la pili wakaliacha lipotee. Ukiliomba baada ya miaka miwili, limo kwenye kompyuta iliyokufa au kwa mwandishi mwenza aliyehamia chuo kingine.

Kwa hiyo, wakutubi, mwombeni mhadhiri jambo moja tu: siku anapopata barua ya kukubaliwa, aitume kwa mkutubi pamoja na faili ya Word ya mswada uliokubaliwa. Kujaza maelezo ya makala (kichwa, mwandishi, mwaka), kukagua haki na kupandisha faili iwe kazi ya maktaba. Hazina inayomtaka mhadhiri ajaze fomu ndefu mwenyewe haipati makala.

Mkutubi akishapokea, aingie Open Policy Finder, tovuti ya shirika la Uingereza la Jisc inayoorodhesha masharti ya majarida, ambayo wengi wanaijua kwa jina lake la zamani, Sherpa Romeo. Aandike jina la jarida au ISSN, yaani namba yake ya utambulisho, asome ni toleo gani linaruhusiwa, zuio ni la muda gani na leseni ni ipi. Majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo humo. Hapo asome masharti kwenye tovuti ya jarida au amwandikie mhariri, na jibu alihifadhi pamoja na faili. Zuio lisimcheleweshe. Faili iingizwe leo ikiwa imefungwa, na DSpace, programu inayoendesha hazina nyingi, itaifungua yenyewe tarehe ikifika. Wakati huo kichwa na ikisiri vinaonekana, na msomaji anaweza kubonyeza kitufe cha kuomba nakala. Hakikisheni ombi hilo linafika kwenye barua pepe inayosomwa, maana mara nyingi huenda kwenye anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.

Kupandisha faili hakutoshi, lazima ionekane. Tasnifu zilizopigwa skani kama picha tupu hazitafutiki. Skani kwa dpi 300, kisha pitisha programu ya kutambua maandishi, na jaribu kunakili sentensi moja kutoka kwenye PDF kabla ya kuiweka. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, inataka faili isizidi MB 5, nasi tunapandisha tasnifu za MB 80. Tarehe nayo huharibika kimyakimya: makala ya 2011 ikiandikwa mwaka iliyopandishwa, utafutaji unaipotosha. Jina la mwandishi mmoja likiandikwa kwa namna tatu, anakuwa watu watatu, ndiyo maana inafaa kumdai kila mhadhiri namba yake ya ORCID, kitambulisho cha kimataifa cha mtafiti chenye tarakimu 16.

Halafu tazameni anwani za kudumu. Hazina nyingi bado zina namba 123456789 ndani ya viungo vyake. Hiyo ni namba ya majaribio inayokuja na DSpace, na haifanyi kazi kwenye Handle, mfumo wa dunia wa anwani za kudumu. Namba halisi hugharimu kama dola 50 kwa mwaka. Bila hiyo, siku kitengo cha TEHAMA kikibadilisha seva au kuhamia toleo jipya la DSpace, viungo vyote vilivyonukuliwa kwenye tasnifu na ripoti vinakufa.

Kuhusu ada za uchapishaji, wahadhiri wengi hudhani ufikiaji huria maana yake ni kulipa mamia ya dola. Kuweka mswada uliokubaliwa ni bure. Na kwa anayetaka jarida la ufikiaji huria, wachapishaji wengi husamehe ada kwa nchi zilizo kundi A (zenye kipato cha chini) la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, Tanzania ikiwamo. Msamaha huo huombwa wakati wa kutuma makala. Ukiombwa baada ya makala kukubaliwa hukataliwa mara nyingi, na kwa kawaida hauyahusu majarida mseto, yale ya kulipia yanayouza uhuru wa makala mojamoja. Jarida lenyewe likaguliwe kwanza kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyohakikiwa, kwa sababu matapeli nao hujiita huria.

Hofu ya kuibiwa kazi ijibiwe kwa heshima. Makala iliyo wazi ina tarehe na mwandishi anayejulikana, hivyo wizi wake hugundulika haraka kuliko wa tasnifu iliyofungiwa kabatini.

Mwisho kuna sera. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, chini ya Rekta Bernard Rentier, kiliamua kwamba katika kutathmini wahadhiri zitahesabiwa makala zilizomo kwenye hazina yake, ORBi, iliyofunguliwa 2008. Hazina ikajaa. Sera inayosema wahadhiri "wanahimizwa" haileti faili. Iandikwe kwamba kamati ya kupandisha vyeo itachukua orodha kutoka kwenye hazina, na kwamba kuweka ni siku ya kukubaliwa, si ya kuchapishwa. Kabla ya kuipeleka Seneti, pangeni wakutubi wa kutosha wa kupokea kazi hiyo, kwa kuwa msimu wa maombi ya vyeo ukifika, makala za miaka mitano zitaletwa wiki moja.