Pointi sifuri, faulo tano

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni mwanamichezo gani ambaye takwimu zake hazimtendei haki?" Mimi namtaja Jason Collins. Alicheza NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, misimu 13 kwa wastani wa pointi 3.6 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mrusho kukosa kikapu) 3.7 kwa mechi. Ukisoma namba hizo tu, utadhani alikuwa wa kujaza benchi.

Alikuwa senta wa kazi ngumu: kusukumana na majitu chini ya kikapu, kusimama imara ili mpinzani amgonge na mwenzake apate upenyo wa kurusha. Katika mechi za mtoano za mwaka 2011, akiwa timu ya Atlanta, aliachiwa Dwight Howard, senta nyota wa timu ya Orlando, amkabe peke yake, ili wenzake wabaki na warushaji wa pointi tatu. Mechi ya kwanza Howard alifunga pointi 46. Mtazama jedwali angesema Collins kaonewa siku ile, lakini Atlanta ndio walioshinda, 103-93, na hatimaye wakawatoa Orlando kwa mechi 4-2.

Aprili 29, 2013, aliandika katika jarida la Sports Illustrated kwamba yeye ni senta wa NBA mwenye miaka 34, ni mweusi, na ni shoga. Katika ligi nne kubwa za wanaume za Marekani, kabla yake hakuna mchezaji aliyekuwa bado anacheza aliyewahi kujitangaza hivyo hadharani. John Amaechi, naye wa NBA, alisema mwaka 2007 akiwa ameshastaafu. Hata Jarron, pacha wa Collins aliyecheza ligi hiyohiyo, aliishi miaka yote bila kujua hadi kiangazi kilichotangulia makala ile.

Linalonigusa zaidi ni jezi. Msimu wa 2012-13, akiwa Boston kisha Washington, Collins alivaa namba 98. Mwaka 1998 ndio aliouawa Matthew Shepard, mwanafunzi shoga wa Wyoming, aliyepigwa na kuachwa amefungwa kwenye uzio. Collins alikuwa hajamwambia mtu yeyote nje ya watu wake wa karibu, lakini kila alipoingia uwanjani alikuwa na kumbukumbu ya kijana yule mgongoni, mbele ya maelfu.

Baada ya makala, mkataba wake ukaisha, na msimu mpya ukaanza hana timu. Wengi walisema ni umri. Siamini kwamba umri peke yake ndio uliomweka nje. Februari 23, 2014, Brooklyn Nets wakampa mkataba wa siku kumi. Kocha wao alikuwa Jason Kidd, aliyecheza naye fainali za 2002 na 2003, mtu aliyeijua kazi yake kwa ndani. Usiku huohuo, dhidi ya Lakers, alicheza kama dakika 11: pointi sifuri, ribaundi mbili, faulo tano. Nets walishinda 108-102. Jezi namba 98 ilikuwa haijawa tayari, akavaa 46. Siku chache baadaye, Denver, aliivaa 98 na kukutana na wazazi wa Shepard. Jezi hiyo ikaongoza kwa mauzo katika duka la mtandaoni la NBA, na ligi ikaelekeza mapato yake kwa wakfu wenye jina la Shepard na kwa shirika linalotetea wanafunzi mashoga shuleni.

Wapo wanaouliza kwa nini mchezaji atangaze mambo yake ya faragha. Wachezaji wengine huzungumzia wake zao na wachumba wao kwenye chumba cha kubadilishia nguo kila siku, na hakuna anayeona ni tangazo. Anayenyamaza humo ndiye anayelazimika kuwa macho saa zote. Mwaka 2011, Kobe Bryant, nyota wa Lakers, alitozwa faini ya dola 100,000 kwa kumtukana mwamuzi kwa neno la kuwadhalilisha mashoga. Miaka miwili baadaye, Collins alipojitangaza, Kobe alikuwa miongoni mwa waliojitokeza mapema kumpongeza hadharani, akiwahimiza watu wasijinyime kuwa walivyo kwa sababu ya ujinga wa wengine. Collins alistaafu Novemba 2014, na ligi ikamfanya balozi wa kazi zake za kijamii. Naona walimchelewesha sana kumpa nafasi, lakini kazi hiyo walimpa mtu sahihi.