Stempu: angalia kamba, bei achana nayo

Juzi msomaji kanitumia meseji, "kaka hii hobi yako ya stempu inalipa?" Nikakaa nayo kutwa nzima sijajibu, maana kila nikitaja stempu swali ni hilohilo, hakuna anayeuliza inanogaje. Haya najibu hapa wote msome: hailipi. Nimekusanya tangu niko shule ya msingi na mpaka leo napanda daladala.

Mzee wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huku Tanga, barua zinaingia ofisini kutoka Uingereza, Ujerumani na kwingineko, bahasha zikishasomwa zinatupwa, yeye anakata ile kona yenye stempu anatuletea nyumbani. Kaka zangu waligombania zenye picha za ndege na magari. Mimi nilizitaka zetu, hasa za zamani zilizoandikwa Kenya Uganda Tanganyika kwa pamoja, nikawa najiuliza inakuwaje nchi tatu zinachangia stempu moja. Historia darasani ilinipita tu, kwenye stempu ndo iliniingia. Chukua Zanzibar, 1895 walianza na stempu za India zimegongwa neno Zanzibar juu yake basi, halafu baada ya Mapinduzi ya 1964 zile zenye picha ya Sultani zikagongwa JAMHURI 1964 zikaendelea kuuzwa, yaani Sultani keshaondoka ila stempu zake bado zinapeleka barua! (Mnaona sasa, ukinianzisha sinyamazi.)

Albamu yangu ya kwanza sinayo. Nilikuwa chuo, shemeji yangu mmoja akaikuta kabatini akamuuzia mtalii kwa hela ya kreti la bia, bia wakanywa na wenzake, mi narudi likizo naambiwa "si makaratasi tu yale". Tunasalimiana vizuri misibani na harusini, hakuna ugomvi, ila shemeji kama unasoma hapa jua sijasahau.

Kuanza upya ndo kulinipa akili: chagua kona moja ndogo ukae nayo. Dunia nzima huiwezi. Hata Tanzania peke yake huiwezi, miaka ya tisini zilitolewa nyingi ajabu, madinosaria, wanamuziki wa Marekani, nyingi zikilenga wakusanyaji wa nje, ukizifuata zote utafilisika na hutajua hata unapenda nini. Mi nikabaki na hizo za nchi tatu, zilizoanza 1935, pamoja na mihuri ya posta. Kwenye seti ya 1935 kuna yenye jahazi la Ziwa Victoria, na hiyo jahazi ipo ya aina mbili, kuna ambayo kamba ya kushoto haijagusa tanga na kuna ambayo imegusa, iliyogusa ndo adimu. Tofauti yenyewe bila lenzi huioni. Nilizikagua kila nilipozikuta, miaka, zote hazijagusa, mpaka siku moja kwenye furushi la bahasha kuukuu nililopewa na bibi mmoja wa Muheza nikaiona, imegusa! Nilimwita mke wangu jikoni aje aone, akaangalia akasema "kwa hiyo?" akarudi kwenye maharage yake. Sikujali, usiku ule sikulala vizuri kwa raha.

Sasa nyie vijana mnaoshinda kwenye simu mnatelezesha kidole mpaka kinaota sugu, halafu mnasema mna stresi, kaeni na kitu kidogo mkiangalie saa nzima. Kiangalie kweli. Chagua kona yako, narudia, usikusanye kila kitu.

Mengine ni madogo. Stempu ya kwenye bahasha usiibandue kwa kucha, iloweke maji ya vuguvugu itatoka yenyewe, ikaushe halafu igandamize ndani ya kitabu kizito (za siku hizi za kujibandika zenyewe nyingi hazitoki kwa maji, kata na karatasi yake uziache hivyo). Shika kwa kibanio, vidole vina jasho. Selotepu ni marufuku. Sisi wa pwani unyevu ndo adui, ambazo hazijatumika gundi inajishika zenyewe na ukungu unaingia, simamisha albamu sehemu inayopata hewa. Na bahasha yenye mhuri unaosomeka usiikate kabisa, iache nzima, maana mhuri nao una habari zake, Lushoto enzi za Mjerumani iliitwa Wilhelmsthal na Kasanga iliitwa Bismarckburg, na majina hayo ndo yalikuwa kwenye mihuri.

Pa kupata ni kuomba tu, kwa wastaafu, misheni, mawakili wa zamani, mtu yeyote mwenye sanduku la barua chini ya kitanda. Na mwenye bahasha yenye mhuri wa Kasanga, hata wa miaka ya sabini, aniandikie, nina stempu za ziada za vipepeo za 1973 na za samaki za 1967, tunabadilishana, hela sitoi.