Wasomaji Wanauliza: Sheria za Majimbo ya Marekani, Watafiti wa Kigeni na Hesabu za Wakimbizi

Nimeletwa Louisville, Kentucky, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Watu hapa wanasema kila jimbo lina sheria yake ya uhamiaji. Je, jimbo linaweza kunifukuza nchini?
*Msomaji, Louisville*

Hapana, ndugu. Kumruhusu mtu kuingia, kumpa hadhi na kumfukuza ni kazi ya serikali ya shirikisho. Arizona ilijaribu kuvuka mstari huo kwa sheria ya SB 1070 ya mwaka 2010 (SB ni Senate Bill, mswada wa Seneti ya jimbo). Tarehe 25 Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta vifungu vyake vitatu: kile kilichofanya kutotembea na hati za usajili kuwa kosa la jinai la jimbo, kile cha kutafuta kazi bila kibali, na kile kilichomruhusu askari kumkamata mtu bila hati ya mahakama kwa kuamini kwamba amefanya kosa la kumfanya afukuzwe nchini. Cha nne kilibaki. Polisi akishamsimamisha mtu kwa sababu halali, kisha akawa na shaka yenye msingi, anaweza kuuliza hadhi yake.

Tangu hapo, majimbo mengi yameacha kugombania mpaka na kuhamia kwenye milango yaliyo nayo yenyewe: vyuo vikuu vya umma, hospitali, leseni, waajiri. Texas ndiyo iliyorudi mpakani kwa SB 4 ya Desemba 2023, na sheria hiyo ikaishia kuvutana mahakamani.

Wewe tembea na I-94 yako, yaani kumbukumbu ya kuingia kwako nchini, maana sheria ya shirikisho inamtaka mgeni mwenye miaka 18 na zaidi awe na uthibitisho wa usajili mkononi. Ukitimiza mwaka mmoja nchini, peleka fomu I-485 ya ukaazi wa kudumu. Usingoje kukumbushwa.

Mimi ni Mtanzania, namaliza shahada ya uzamili Ohio kwa viza ya mwanafunzi. Ya kwanza niliisoma Wuhan, China, miaka minne. Nimeomba nafasi ya uzamivu yenye kazi ya maabara katika chuo kikuu cha umma Florida. Wamenitaka nakala ya DS-160, fomu ya maombi ya viza, na kazi zote nilizofanya tangu utotoni. Nimeshukiwa?
*Mwanafunzi, Ohio*

Hujashukiwa peke yako. Unapita kwenye chujio la sheria ya Florida ya 2021. Inahusu taasisi inayopokea fedha za jimbo na yenye bajeti ya utafiti ya dola milioni 10 au zaidi. Wanaochujwa ni waombaji wa kazi za utafiti, wakiwemo wanafunzi wa uzamivu, ambao ni raia wa kigeni wasio na ukaazi wa kudumu. Wanachujwa pia wenye uhusiano na taasisi za nchi zinazoitwa za mashaka, au waliofanya kazi au kupata mafunzo huko kwa mwaka mmoja au zaidi. China imo. Kwa hiyo wewe umeguswa mara mbili: kwa pasipoti yako na kwa Wuhan. Usipoteze nguvu kubishana kwamba shahada si mafunzo.

Wanachotaka ni hiki: pasipoti nzima, kurasa zote, DS-160 ya mwisho uliyoiwasilisha, wasifu wenye kila chuo ulichosoma na kila kazi tangu siku ulipotimiza miaka 18, orodha ya kila chapisho ulilotajwa, fedha za utafiti ulizonazo na unazozisubiri, pamoja na kiasi, chanzo na nafasi yako katika mradi, na shughuli zako za kitaaluma nje ya chuo.

Tuanze na DS-160, kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wengi. Watu hutunza ule ukurasa wa uthibitisho wenye mistari ya msimbo waliokwenda nao ubalozini, wakaamini ndiyo fomu. Siyo. Sheria inataka maombi yenyewe, yenye majibu yote. Chukua namba inayoanza na AA kwenye ukurasa huo, ingia kwenye tovuti ileile ya maombi ya viza, chagua kurejesha maombi, kisha weka herufi tano za kwanza za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la swali la siri. Kama ukurasa umepotea, tafuta baruapepe uliyotumia mwaka ule. Ukiipata fomu yenyewe, isome kabla ya kuituma, na uweke wasifu wako kando yake. Kama DS-160 inasema ulifanya kazi duka la dawa Mbeya hadi Agosti na wasifu unasema hadi Juni, mkaguzi ataiona tofauti hiyo. Andika maelezo mafupi wewe mwenyewe mapema. Kosa lililoelezwa hueleweka, lakini lililogunduliwa huonekana udanganyifu.

Kuhusu kazi: kibarua, kuuza duka la mjomba, kujitolea zahanati, vyote viandike kwa mwezi na mwaka. Miezi isiyo na kazi iandike pia, “nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya kidato cha sita.” Pengo lisilo na maneno ndilo linaloleta barua ya pili.

Chuo hutakiwa kuhakiki: kuwasiliana na waajiri wako wa miaka 10 iliyopita na vyuo ulivyosoma, na kupekua hifadhi za machapisho. Msajili aliye Afrika au China asipojibu, faili lako linalala. Mpigie kabla, mwambie barua inakuja, kisha ukipe chuo cha Florida anwani ya mtu anayejibu, si ile ya jumla isiyosomwa na yeyote.

Majina yetu nayo ni mtego. Mtu anayeitwa Salum Hamisi Mbwana kwenye pasipoti anaweza kuwa S. Hamisi kwenye makala moja, Mbwana S.H. kwenye nyingine, na kwenye vyeti vya China akawa na jina la Kichina alilopewa na mwalimu wa lugha. Andika sura zote za jina lako juu ya orodha ya machapisho, na ufungue namba ya ORCID, utambulisho wa mtafiti wenye tarakimu 16, uziunganishe makala zote hapo.

Kuna sheria ya pili usiichanganye na hiyo: SB 846 ya 2023, inayobana vyuo vya umma vya Florida kuingia makubaliano na watu au taasisi za nchi saba: China, Urusi, Iran, Korea Kaskazini, Kuba, Venezuela ya Maduro na Syria. Ilipelekwa mahakamani Machi 2024. Neno la kuangalia humo ni makazi, wala si uraia peke yake. Mwafrika anayeomba moja kwa moja kutoka China, makazi yake yakiwa huko, anaweza kuguswa ingawa pasipoti yake ni ya Tanzania au Kenya. Wewe unaomba ukiwa Ohio, basi onyesha mkataba wa nyumba ya Ohio na anwani ya kwenu Tanzania.

Tunasema wazi: sheria hizi zinaumiza sayansi. Profesa anayetaka mtu wa maabara Agosti hawezi kusubiri ukaguzi hadi Januari. Atachukua anayepatikana, awe bora au la. Kwa sababu hiyo, tuma karatasi zote kwa mara moja, na umuulize profesa tarehe ambayo ofisi ya uadilifu wa utafiti inalihitaji faili lako.

Mama yangu alilazwa hospitali Tampa. Fomu ya kupokelewa ilimuuliza kama yupo nchini kihalali. Aliogopa akataka kuondoka. Tufanye nini siku nyingine?
*Msomaji, Tampa*

Mwambie mama asiondoke. Swali hilo limetoka kwenye SB 1718 ya Florida, ya Mei 2023, kwa hospitali zinazopokea Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Chini yake lazima yawepo maneno kwamba jibu halitabadilisha matibabu wala kupelekwa kwa mamlaka za uhamiaji. Anaruhusiwa kuchagua kutojibu. Na mgonjwa wa dharura lazima apimwe na kutulizwa hali yake kwa sheria ya shirikisho ya 1986, awe na karatasi au asiwe nazo.

Ahadi hiyo ni ya swali hilo tu. Taarifa alizotoa mtu alipojiandikisha Medicaid ni jambo jingine: mwaka 2025 serikali ya shirikisho iliipa Idara ya Usalama wa Ndani, inayosimamia uhamiaji, taarifa za waliosajiliwa, na majimbo kadhaa yakashtaki.

Majibu ya fomu hujumlishwa kila robo mwaka na kupelekwa jimboni kama idadi ya wagonjwa, na kila mwaka jimbo hutoa ripoti inayogusia gharama za wasio na hati. Lakini miongoni mwa wanaokataa kujibu wamo wazawa, wakaazi na wasio na hati kwa pamoja. Anayetoa hesabu kamili kutoka hapo anabahatisha.

Katika bunge la jimbo letu wanasema wakimbizi ni mzigo na kwamba tafiti zimethibitisha. Nimeombwa nizungumze mbele ya kamati. Nishike takwimu ipi?
*Msomaji, Nashville, Tennessee*

Shika ya bunge lako mwenyewe. Mwaka 2013 kamati ya fedha ya bunge la Tennessee ilipima miaka ya 1990 hadi 2012, ikakuta wakimbizi waliingiza kodi karibu mara mbili ya walichogharimu. Bunge hilohilo mwaka 2017 liliishtaki serikali ya shirikisho likidai wakimbizi wanalibebesha gharama. Kesi ilitupwa mwaka uliofuata.

Serikali ya shirikisho mjini Washington nayo ilikata hesabu nusu mwaka 2017. Rasimu ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ilikuta kuwa kati ya 2005 na 2014 wakimbizi walilipa dola bilioni 269.1 kwa serikali za ngazi zote na kugharimu bilioni 206.1, ziada ya bilioni 63. Ripoti iliyotoka ilikuwa na kurasa tatu. Safu ya kodi haikuwemo. Kilichobaki ni gharama za programu za wizara: dola 3,300 kwa mkimbizi kwa mwaka, dola 2,500 kwa mkaazi wa kawaida. Kila tarakimu iliyobaki ni sahihi, na bado mkimbizi anayelipa kodi kila Ijumaa ya mshahara ametolewa kwenye karatasi.

Kwa hiyo mtu akikutajia gharama, muulize safu ya mapato iko ukurasa gani. Kisha uliza miaka iliyohesabiwa. Mkimbizi wa miezi sita bado anafundishwa Kiingereza, wa miaka kumi anaendesha lori lake. Hesabu ya mwaka wa kwanza peke yake humfanya kila mtu mzigo. Uliza pia watoto wamewekwa wapi: wakihesabiwa shuleni kama gharama, halafu wakikua na kulipa kodi wakaitwa Wamarekani wa kawaida, hesabu haiwezi kutoka nzuri.

Siku ya kamati utapewa dakika chache tu. Chapa ukurasa mmoja wa ripoti ya 2013, pigia mstari sentensi ya matokeo, andika juu jina la ripoti, mwaka na namba ya ukurasa. Chukua nakala za kila mjumbe na moja ya karani, na sentensi yako ya kwanza iwe kuomba iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.