Mwizi akiingia kwako usiku: maswali kuhusu kujitetea

*Mwizi akivunja mlango wangu usiku, si nina haki ya kumuua? (Kaptembwo, Nakuru)*

La. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema matumizi ya nguvu kulinda mwili au mali yapimwe kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji. Mahakamani hilo huwa maswali mawili: je, uliamini kwa dhati kwamba unavamiwa? Na nguvu uliyotumia ililingana na hatari kama ulivyoiona papo hapo? Korti zetu hufuata kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika, inayokubali kwamba mtu aliyevamiwa ghafla hawezi kukadiria kila pigo kwa makini. Kwa hiyo usiogope kwamba jaji atakuhesabia sekunde.

Lakini aliyekushikia panga chumbani gizani si sawa na aliyeangusha televisheni akaruka ua. Huyu wa pili hatari yake imekwisha, na ukimfuata hadi barabarani ukamkata, hapo unalipiza kisasi. Daktari aliyepasua maiti ataeleza majeraha yako wapi na ni mangapi. Yakiwa kisogoni na mgongoni, maelezo ya “alinirukia” huporomoka mapema.

*Je, lazima nikimbie kwanza, au nisimame kama Marekani?*

Huko Florida wana sheria yao ya mwaka 2005 ya kutolazimika kurudi nyuma. Kwetu haipo, imeletwa na filamu. Hulazimiki kukimbia, ila kama mlango wa nyuma ulikuwa wazi na wewe ukachagua kupigana, jaji atalizingatia.

*Umati ukimpiga mwizi wa pikipiki hadi afe, aliyempiga kofi moja tu ana kosa? (Kondele, Kisumu)*

Anaweza kushtakiwa kwa mauaji pamoja na aliyeleta petroli. Kifungu cha 21 kinawabana waliokuwa na nia moja, na kofi hilo linaweza kuwa ushahidi kwamba ulijiunga nao. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele yake, lakini amkabidhi polisi bila kukawia. Kumkamata na kumwadhibu ni mambo mawili tofauti, hata kama pikipiki ni ya mkopo.

*Kaka yangu alijitetea kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, bado ameshtakiwa kwa mauaji. Atathibitishaje? (Bungoma)*

Mzigo wa kuthibitisha si wake. Suala la kujitetea likishajitokeza kwenye ushahidi, ni upande wa mashtaka unaopaswa kulivunja, bila kuacha shaka ya maana. Kushtakiwa kwenyewe hakumaanishi kwamba utetezi umekataliwa. Mara nyingi ni kesi inayoamua, si kituo cha polisi.

Utetezi wa namna hii huharibika mwanzoni kabisa: mtu anawaambia polisi “sikuwepo,” halafu kortini anasema “nilikuwepo, nilijitetea.” Ni heri anyamaze, maana Katiba, ibara ya 49, inampa haki hiyo na ya kumwona wakili. Kama naye aliumia, apelekwe hospitali mara moja na ajaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Mpige picha majeraha kabla hayajapona. Shati lenye damu msilifue. Likaushwe, litiwe kwenye mfuko wa karatasi (wa plastiki huota ukungu), kisha mwulizeni wakili namna ya kulikabidhi.

Zamu yake ya kujitetea kortini ikifika, akichagua kutoa maelezo bila kiapo, hatahojiwa na wakili wa upande wa mashtaka, lakini uzito wa maneno yake hupungua. Aamue pamoja na wakili wake. Kwa shtaka la mauaji, asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na serikali, na dhamana anaweza kuiomba Mahakama Kuu.

*Nikizidisha nguvu, nanyongwa?*

Si lazima. Korti inaweza kushusha kosa hadi kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, ingawa haishushi kila mara. Hata kwa mauaji, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo. Husikiliza kwanza maombi ya kupunguziwa adhabu. Ugomvi ulianzaje, nani alileta silaha, na kama ulimwita jirani au polisi baada ya kumpiga: hayo ndiyo ya kumweleza wakili wako siku ya kwanza, hata yale yanayokuaibisha.