Bega la mama limekaza: aanze na zoezi gani?

Dada wa Langoni, umesema mama ana miezi 4 hawezi kuinua mkono kufunga ushungi, na mkimvuta analia. Acheni kumvuta! Mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Ukiulazimisha unazidi kuuma.

Mkandeni kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 10. Kisha ainame, mkono mzima uegemee meza, ule mbovu uning'inie kama ndoo kisimani, azungushe mara 10 kila upande. Mwili ndio uyumbe, mkono ufuate tu. Wengi hukosea hapo.

Halafu alale chali, akunje viwiko, ashike mpini wa fagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima usukume ule mbovu kwenda nje, atulie sekunde 15, mara 5. Kiwiko kikiachana na mbavu, bega halikufanya kazi. Mwisho vidole vya mkono mbovu vitambae kupanda ukutani kama kaa. Atie alama ya chaki alipofika.

Afanye mara 2 au 3 kwa siku. Maumivu yakilala naye hadi asubuhi, apunguze. Apimwe sukari pia, maana bega hili huwapata sana wenye kisukari. Na kama alianguka, apigwe picha kwanza.