Kabla hujaziba nguzo: maneno kwa fundi anayeanza

Mteja akikuita uone bimu ya zege iliyokatiza sebule, au bomba la choo cha ghorofani lililoshuka nyuma ya kochi, atakwambia neno moja tu: "Fundi, nifichie hiki." Nimepiga maboksi ya jipsamu na mbao, yale ya kufunikia nguzo, bimu na mabomba, hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mpaka leo siku ya kwanza sikati bodi hata moja. Naenda na tochi, timazi na futi.

Tochi ni ya kutafuta ugonjwa. Nguzo yenye ufa unaofuata nondo, yenye madoa ya kutu, au inayotoa mlio wa kitu kitupu ukiigonga, usiizibe. Huku pwani hewa ina chumvi. Nondo ikishika kutu huvimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutokea ndani. Ukishaifunika kwa bodi nzuri iliyopakwa rangi, mwenye nyumba hataiona tena mpaka hali iwe mbaya. Mwambie amwite mhandisi, hata kama kazi itakuponyoka. Akikuomba uchonge nguzo kidogo ili boksi liwe jembamba, kataa. Na drili ikigota kwenye nondo unapoweka plagi ya skrubu, hamisha tundu.

Timazi na futi ni kwa sababu nguzo nyingi hazijanyooka kama macho yanavyodhani. Pima upana chini, katikati na juu, shika kipimo kikubwa kuliko vyote, ndipo uchore mistari sakafuni. Vijana wengi hupima chini peke yake. Wakifika juu bodi inagoma, wanaanza kuinyoa kwa kisu, na kona inakwenda upande. Mchana haionekani. Usiku taa ikiwashwa, kivuli kinaitangaza.

Sasa mabomba, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Miaka yangu ya mwanzo nililiziba bomba la maji machafu kwenye kona ya sebule moja, kuanzia dari mpaka sakafu, bila mlango wowote. Lilipendeza kweli, na mteja alifurahi. Baada ya miezi kadhaa akanipigia simu: rangi imetoa malengelenge. Nilipofika nikaibonyeza bodi kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinavuja tone tone. Fundi bomba alikitengeneza kwa muda mfupi sana, lakini ili akifikie ilibidi tuvunje boksi zima. Bodi, skimu (ule udongo laini wa kusawazishia kabla ya rangi) na rangi vikaanza upya, na nusu ya gharama niliibeba mimi, kwa haki kabisa.

Tangu siku hiyo, kila penye koki, kiungo au mdomo wa kuzibulia naacha mlango, kwa kawaida sentimita 30 kwa 30, unaoshikwa na sumaku. Kabla ya kukabidhi kazi naufungua, naingiza mkono ulioshika spana na kuuzungusha. Mkono ukikwama, mlango ni mdogo, naupanua. Pia napiga picha kabla ya kufunika, futi ikiwa imelazwa kando ya bomba, na kumtumia mteja. Siku atakapotaka kutundika televisheni atajua pa kutotoboa.

Halafu kuna deki. Nyumba zetu hupigwa deki kila siku, na jipsamu hunywa maji kutokea chini kama utambi. Inua bodi sentimita moja kutoka sakafuni, kisha funika mwanya huo kwa sketingi ya vigae. Bodi ya kijani, yaani jipsamu iliyotengenezwa kwa sehemu zenye unyevu, huvumilia unyevu wa bafuni, lakini haiwezi kukaa ndani ya maji. MDF, ile mbao ya unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, ikilowa huvimba, na hairudi tena ilivyokuwa. Vichwa vya skrubu vipake praima kabla ya skimu, vinginevyo vitatoa vidoa vya kahawia juu ya rangi nyeupe.

Ukikuta nguzo ya chuma imezungushiwa bodi za jipsamu, uliza kwanza zimewekwa kwa nini kabla hujazibandua. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungika ndani yake. Moto ukiwaka, maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha joto kukifikia chuma, ambacho kwenye nyuzi 550 hivi za Selsiasi huwa kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Hapo usiweke mbao badala ya jipsamu, wala usitoboe tundu la taa kiholela.

Wala si kila kitu kinastahili kufichwa. Ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar, inua macho utazame boriti za mikoko darini. Vyumba vingi vya zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa mti. Mimi singeziba boriti hizo kwa bodi hata mteja angenilipa mara mbili. Ningemshawishi azisafishe na kuzitia dawa tu.

Na kabla ya kufunga bodi ya mwisho, fagia ndani ya boksi. Toa vipande vya mbao na mifuko ya saruji, vyote, hata kile kilichoingia nyuma ya bomba. Mchwa huanzia hapo.